Kabla Hujasema Kisirani, Washa Tochi



Wiki hii hatuna mshono mpya wa kuwaonyesha. Wanaosubiri picha za mashela wavute subira, zinakuja inshaAllah. Leo tuna maneno yametukaa kifuani, nayo yanahusu kidude kimoja cha baharini, tangi la samaki, na mtoto wa watu aliyekaribia kurudishwa kwao kwa kosa asilolifanya.

Bibi harusi mmoja tuliyemshonea aliolewa Maskati, Mfunguo Mosi. Nyumba aliyoolewa ina asili ya huku kwetu, Kiswahili ndicho kinachozungumzwa sebuleni. Ametupa ruhusa tuyaeleze haya, lakini jina lake na la nyumba yake tunayafungia sandukuni.

Mumewe ni mpenzi wa tangi la samaki la maji ya chumvi. Kioo kirefu kimekaa sebuleni, taa za buluu juu, mawe chini, na juu ya mawe matumbawe laini yanayopepea kama mashada ya maua. Wiki ya harusi alikwenda dukani akanunua tumbawe jipya, kubwa, aina inayoitwa ya ngozi, lenye umbo la uyoga uliofunguka. Alilinunua kumpokea mkewe, mashaAllah. Kila aliyekuja kumwona bibi harusi alionyeshwa na tumbawe.

Haikupita wiki tumbawe likajikunja, likafifia, likawa kama limevaa ngozi ya nta. Wenyewe wakaingiwa na hofu, wakaanza kuchungulia mawe. Wakaona vijimkono vyembamba vinapepea kutoka kwenye matundu. Wakaona na mnyoo wenye manyoya ubavuni. Mume akayatoa mawe yote, akayaosha kwa maji ya mfereji, akayarudisha. Baada ya siku mbili maji yakawa na ukungu na samaki wawili wakafa. Na tumbawe, badala ya kupona, likaanza kuwa na mapengo pembeni kama sahani iliyoumwa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mavyaa alisema kwanza kwa utani: "Tangu mguu huu uingie, hata samaki hawakai." Wifi akalichukua neno akalipeleka mbele. Kufika Mfunguo Tatu halikuwa utani tena. Neno lilikuwa moja tu, nyote mnalijua: kisirani. Ikaanza kusemwa kuwa atafutwe mtu aje azungushe ubani, na kwamba bibi harusi akapumzike kwao kidogo "mpaka nyumba itulie." Na nyote mnajua pia, mwari wa miezi mitatu akirudishwa kwao kupumzika, watu wanasema nini.

Akatupigia simu usiku, sauti imekauka kwa kulia. Akasema, "Nyinyi mnakaa pwani. Niambieni, hivi tumbawe hufa kwa mguu wa mtu?"

Sisi ni mafundi cherehani. Tunajua shifoni, satini na lesi. Tumezaliwa kisiwani, lakini tulio wengi tumeuona mwamba kwa juu tu, maji yakitoka. Tuliona haya. Mtu yuko Maskati anatuuliza habari za bahari yetu, na sisi hatuna jibu.

Tukamwambia jambo moja tulilokuwa na uhakika nalo: usiku, nyumba ikilala, zima taa ya tangi, subiri kama saa moja, kisha tazama kwa tochi iliyofunikwa nailoni nyekundu. Hilo tulilisikia kwa vijana wanaopiga mbizi, kwamba viumbe vingi vya bahari haviuoni vizuri mwanga mwekundu, kwa hiyo havikimbii. Akatuletea picha. Juu ya tumbawe, pale penye pengo, kilikaa kitu cheusi, laini, chenye vidoa vidogo vyeupe, mfano wa kipande cha kitambaa kilichodondoka. Kikubwa kama kidole gumba.

Picha tukaipeleka kwa mama mmoja wa Jambiani, jirani wa shangazi yetu, mlima mwani. Hajui kusoma maandishi ya simu, lakini picha ni picha. Akaitazama, akacheka, akasema, "Mwambieni akiguse taratibu."

Bibi harusi akakigusa kwa brashi yake mpya ya poda. Lile jeusi likapasuka katikati, likajikunja huku na huku, likaingia ndani. Chini yake kikatokea kauri cheupe, kinang'aa kama yai. Chini ya baibui kulikuwa na shela.

Ndiye huyo. Wataalamu wanamwita Ovula ovum. Ni konokono wa bahari, akikua hufika sentimita kumi, na chakula chake ni matumbawe ya ngozi. Gamba lake jeupe mmeliona mara nyingi mezani kwa wauza vitu vya watalii. Lile jeusi ni nyama yake anayojifunika nayo akiwa hai. Mchana alijificha chini ya shina, usiku anapanda kula. Aliingia nyumbani pamoja na tumbawe, wiki ile ile ya harusi, na alikuja kwenye mfuko wa dukani. Mguu wa bibi harusi haukuhusika.

Kwa hiyo wageni wawili waliingia wiki moja. Mmoja alikuwa anakula tumbawe. Mwengine ndiye aliyesingiziwa.

Neno letu

Rai yetu tunaisema wazi: katika majumba yetu tuna haraka ya hukumu na uvivu wa kutazama. Kitu kikiharibika tunatafuta wa kumbebesha, na mara nyingi anayebebeshwa ni aliyeingia mwisho. Leo ni bibi harusi, kesho mtumishi, keshokutwa mtoto wa kulea. Kwa tangi tumeliona hili waziwazi, kwa sababu tangi ni kioo na kila kitu kimo ndani. Lakini hata hapo watu watano walikitazama kioo miezi miwili na hakuna aliyewasha tochi.

Dini yetu haikutuacha gizani katika hili. Surat al-Hujurat imetuamrisha tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Sura hiyo hiyo imetukataza dhana mbaya na kusengenyana. Na Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alikataza kuamini mikosi. Kumbukeni alipofariki mwanawe Ibrahim, jua likapatwa siku ile, watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Baba aliyetoka kumzika mwanawe akasimama akawafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kifo wala uhai wa mtu yeyote. Ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mtoto wa Mtume, vipi tumbawe la dukani life kwa ajili ya mguu wa mwari?

Hatukatai kuwepo kwa hasad wala majini, vimetajwa na tunaviamini. Tunachokataa ni kuvifanya jibu la kwanza, kabla ya kutazama. Soma adhkari zako asubuhi na jioni, kisha chukua tochi.

Wadandiaji ni nani

Kwa kuwa matangi haya yanaingia majumbani mwa mabinti zetu walioolewa Maskati, Dubai na hata Ulaya, tumekaa tukauliza: tumewauliza kina mama wa mwani, wapiga mbizi, na watu wanaofuga matangi. Tuwape tulichokipata, kimsaidie mwengine.

Tumbawe haliji peke yake. Ni kama daladala la Darajani, wapo waliokaa na wapo waliodandia. Katika shina lake, kwenye kijiwe lililoshikia, kwenye mikunjo yake, hukaa viumbe wengi wadogo. Wengi wao hawana ubaya. Wengine ni watumishi wa nyumba. Wachache ni wezi. Shida ni kwamba wasio na hatia ndio wanaoonekana upesi, na mwizi ndiye anayejificha.

Wale wenye vijimkono vinavyopepea kwenye matundu, waliouliwa kwa maji ya mfereji, walikuwa jamaa wa kiti cha pweza, wadogo, wenye mikono myembamba kama uzi wa kudarizi. Wanakula makombo. Yule mnyoo mwenye manyoya, mara nyingi naye ni mla makombo, husafisha chakula kilichooza chini ya mawe. Msimshike kwa mkono mtupu tu, manyoya yake yanachoma na kubaki ngozini. Yakikuingia, yatoe kwa utepe wa gundi. Wapo wanyoo wanaojenga vibomba na kutoa kichwa mfano wa feni ya manyoya, hao wanachuja maji, waacheni. Vidudu vyeupe vidogo vinavyoruka kwenye kioo usiku ni chakula cha samaki.

Tena maji baridi ya mfereji yanaua vingi vilivyomo ndani ya jiwe la bahari. Vyote hivyo vikioza kwa pamoja, maji yanageuka sumu. Ndiyo maana wale samaki wawili walikufa. Waliouliwa hawakuwa na kosa, na kule kuwaua ndiko kulikoleta msiba wa pili, na msiba wa pili ndio uliomtia hatiani bibi harusi. Dhulma ndogo ilizaa kubwa.

Na lile tumbawe kujikunja wiki ya kwanza? Hata hilo halikuwa ugonjwa. Matumbawe ya ngozi hujibanua. Hujikunja, hufifia, hufunga vijiua vyake, kisha huvua utando mwembamba kama nta na kufunguka upya. Hufanya hivyo hasa yakihamishwa. Mwanamke gani hajajikunja wiki ya kwanza katika nyumba ngeni?

Sasa wezi. Mbali na huyu mwenye baibui, yupo konokono mwengine anayeitwa Rapa rapa, gamba lake jembamba la rangi ya manjano hafifu, umbo la kitunguu. Yeye hukaa ndani kabisa ya mwili wa tumbawe laini akilila kutoka ndani. Unaona tumbawe limevimba au limelegea upande mmoja, hujui kwa nini. Wapo na makoa wasio na gamba wanaokula matumbawe laini na kufanana nayo mpaka unaweza kumtazama ukadhani ni tawi la tumbawe. Baadhi yao hula tumbawe na kuyaweka hai mwilini mwao yale majani madogo sana yanayoishi ndani ya tumbawe, yakaendelea kuwatengenezea chakula kwa mwanga.

Yupo na aiptasia, mfano wa ua dogo la rangi ya chai lenye mikono mingi myembamba. Kwa macho anapendeza. Huyu anawachoma majirani zake mpaka wanarudi nyuma. Na msimponde! Kipande kidogo kikibaki kinaota kingine, unaua mmoja unapata watano. Wafugaji hutumia kamba wadogo wenye mistari myekundu wanaomla, au dawa ya kumdunga mmoja mmoja.

Wapo na minyoo bapa, midogo, rangi ya kutu, yenye mkia uliogawika. Huanza mmoja, baada ya muda imefunika tumbawe zima kama vipakupaku. Ikiuliwa yote kwa dawa kwa mara moja hutoa sumu inayoweza kuua samaki. Kwanza inyonywe kwa mpira mingi iwezekanavyo, kisha ndiyo dawa.

Namna ya kumtambua

Tumewaandikia kwa ufupi, muweke karibu na tangi.

Kwanza tazama wapi amekaa. Aliye kwenye kioo au kwenye jiwe mara nyingi anakula majani na makombo. Aliye juu ya nyama ya tumbawe, na chini yake pana kidonda, huyo ana kesi ya kujibu.

Pili, mtazame usiku, zaidi ya usiku mmoja. Kumkuta mtu penye maiti si ushahidi kuwa ndiye aliyeua. Wapo wanaokuja kula nyama iliyokwisha kufa.

Tatu, mpige picha akiwa karibu na kitu mnachokijua ukubwa wake. Pima kwa futi ya kushonea, ipo kila nyumba. Hesabu miguu au mikono. Angalia kama ana gamba, kama ana pembe mbili kichwani, kama pana mayai yaliyozungushwa kama utepe.

Nne, hakikisha unajua na tumbawe lenyewe ni lipi. Tumbawe laini, ukikitazama kila kijiua chake kwa makini, kina mikono minane yenye nyuzi kama unyoya. Tumeambiwa hilo na tumehesabu wenyewe kwenye picha, ni minane kweli. Wapo wanaodhani kila kilicho laini ni tumbawe laini, kumbe si hivyo.

Tano, ukiwa na shaka mtoe, mtie kwenye chupa yenye maji ya tangi lenyewe, mweke pembeni, uliza. Chupa haijamuua mtu. Ukikosea unamrudisha. Aliyekwishatiwa maji ya moto harudi.

Na kabla ya yote, tumbawe jipya likae peke yake kwenye chombo kingine wiki kadhaa kabla ya kuingia tangi kubwa. Sisi jora jipya haliingii kabatini mpaka tumelifungua, tumelikung'uta juani, tumetazama mikunjo. Nondo mmoja akiingia kwenye kabati la mashela, hasara yake haisemeki.

Hatari ya kweli

Hapa hatufanyi mchezo, hasa kwa wenye mimba na wenye watoto wadogo. Kuna matumbawe yanayofanana na vifungo vya koti, mviringo, yamepangana juu ya jiwe kama zulia. Si matumbawe laini ya kweli, lakini huuzwa nayo pamoja na mara nyingi yenyewe hudandia mawe. Baadhi yake yana sumu kali inayoitwa palitoksini. Inaingia kwa jeraha, kwa jicho, na kwa mvuke. Uingereza, mwaka 2018, familia nzima ilipelekwa hospitali baada ya mwenye nyumba kuyatoa matumbawe kwenye tangi ili alisafishe.

Kwa hiyo lile wazo la kila jikoni, "chemsha maji ulimwagie," au "litie jiwe sufuriani lichemke," dada zetu, wallahi liacheni. Jiwe la bahari halichemshwi ndani ya nyumba. Halisuguliwi kwa brashi bila glavu na miwani. Mkono wenye kidonda hauingii tangini.

Yule mavyaa alikuwa ameshapendekeza maji ya moto. Alhamdulillah mume alichagua ya mfereji. Na wale waliokuwa wakimwogopa bibi harusi, hakuna kati yao aliyeliogopa jiwe.

Wasirudishwe baharini ovyo

Mtu atasema, kama sitaki kuua, nikamtupe pwani. Hapana. Kiumbe wa bahari nyengine akitupwa mahali pasipo pake anaweza kuleta maafa. Mnamjua yule samaki wa miamba yetu mwenye mapezi marefu ya miba yaliyotanda kama mkia wa tausi, ambaye wavuvi humtoa nyavuni kwa hadhari. Huku kwetu anaishi na wenziwe kwa mizani aliyoiweka Mola. Jamaa zake walionekana pwani ya Florida, Marekani, mwaka 1985, na inaaminika walitokana na matangi ya watu. Leo wametapakaa mpaka visiwa vya Karibi wakila samaki wadogo wa huko. Kama hutaki kuendelea na kiumbe, kirudishe dukani au mpe mfugaji mwengine.

Na tuliobaki huku kisiwani, tusimwambie mvuvi atukatie tumbawe la mwambani eti la kupambia ukumbi au kumpelekea bibi harusi. Hilo tumeombwa mara mbili mwaka huu na mara mbili tumekataa. Matumbawe magumu yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Mwamba wa Chumbe umehifadhiwa tangu mwaka 1994 na bado kazi ya kuulinda haijesha. Mwamba ukifa pweza hana pa kukaa, na mama anayekwenda kuchokoa pweza harudi na kitu.

Tunaowasikia wakisema

Tunajua kuna wenye kuguna. "Haya mambo ya matajiri wa Arabuni, yanatuhusu nini?" Yanatuhusu, kwa sababu binti ni wetu. Na yanatuhusu kwa sababu aliyeijua siri ya yule kiumbe hakuwa na tangi wala taa za buluu. Alikuwa mama anayeingia majini hadi kiunoni na kamba za mwani, ambaye sisi wenye duka tukimpita barabarani huenda tusimsalimie vizuri. Elimu ile ipo huku kwetu na inazeeka. Mabinti zetu wanajua majina ya rangi za mdomo ishirini, na kwa vilivyomo ufukweni mwao majina matatu wanababaika. Hatuwalaumu, na sisi ni hao hao. Lakini tumeona faida yake, jina moja la konokono limeokoa ndoa.

Wengine watasema, "Ni vidudu tu, viueni vyote muanze upya." Wale viumbe ni umma kama sisi. Kisa cha mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa tumekisoma tangu madrasa. Na Nabii Sulayman, alayhi salaam, alitabasamu kwa neno la chungu. Aliyesimamisha jeshi kwa ajili ya chungu angetushangaa sisi tunaoua jiwe zima kwa ajili ya hofu. Chenye madhara kimeruhusiwa kuondoshwa, hata nge huuliwa ndani ya Haram. Lakini lazima ujue kwanza kuwa ni nge.

Kwa mabibi harusi, na kwa mavyaa

Mwanetu, ukiingia nyumba ya watu na kitu kikaharibika, usiingie kwenye ugomvi wa maneno. Tazama, piga picha, uliza wanaojua. Yule binti hakujitetea kwa kupayuka. Aliweka kauri ndani ya chupa, akaiweka mezani wakati wa chai ya asubuhi, akanyamaza.

Waume zetu mnaosoma kwa kuchungulia, hili ni lenu. Aliyekuwa mwepesi wa kuosha mawe alikuwa mzito wa kufungua mdomo mamake alipotaja kisirani. Samaki hutafutwa wengine. Moyo wa mke wa miezi mitatu ukiingia ufa, duka lake halipo.

Na mama zetu, mavyaa, tunawabusu mikono. Mmelea, mmetuozesha wanenu, heshima yenu iko juu. Lakini neno la mavyaa halina utani. Likitoka kinywani mwenu linapanda gari, linapanda ndege, linafika kisiwani kabla ya jioni. Tulisikia habari za "bibi harusi wa kisirani" kwa mteja mwengine dukani kabla hatujapigiwa simu na mwenyewe.

Mwisho wake mnataka kuujua. Konokono alirudishwa dukani, ambako walimpa tangi lake mwenyewe. Tumbawe lilibaki na mapengo yake wiki kadhaa, likaziba, likafunguka tena, maana matumbawe ya ngozi hupona upesi yakiachwa. Hakuna aliyesema samahani kwa mdomo. Ila bibi harusi anatuambia kwamba usiku mmoja mavyaa alimgongea mlango, mkononi ana tochi na kile kipande cha nailoni nyekundu, akamwambia, "Njoo mwanangu, kuna kitu nimekiona, nitazamie kama ni kibaya."

Walikaa chini pamoja mbele ya kioo, gizani, mpaka saa sita. Kilikuwa kiti cha pweza kidogo, kimoja, kilichosalimika kwenye maji ya mfereji. Wakamwacha.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azitie nuru nyumba zenu, awape mabinti zetu wenye kuwatazama kwa jicho la haki, na atusamehe wote tuliowahi kumwita mtu kisirani. Amin.

Wabillahi tawfiq.